Mwongozo Kamili wa Laser: Kuielewa, Kuikagua, Kuifunga na Kuikimbiza

Laser ni boti ya faiba ya mtu mmoja, urefu mita 4.23, tanga moja, mlingoti usioshikiliwa na kamba hata moja. Tangu 1971 zimeshatengenezwa zaidi ya 200,000, kwa hiyo palipo na klabu ya matanga, iwe pwani yetu au ng'ambo, iliyotumika haikosekani. Kazi ni kujua ipi ya kuchukua na ipi ya kuiacha palepale ilipolala. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua ya mkononi, aitengeneze kidogo ikibidi, kisha aingie nayo mashindanoni.

Niseme msimamo wangu mapema. Hii ni boti ya darasa moja: umbo ni lile lile, tanga ni lile lile, na kanuni zake zimebana kiasi kwamba kisichoandikwa kuwa kinaruhusiwa, basi hakiruhusiwi. Pesa haikununulii kasi. Ila ukinunua kwa macho tu unaweza kuuziwa uzito, na uzito ndio unaokuacha nyuma ya wenzako. Mambo matatu ndiyo yenye maana: boti iwe kavu ndani, iwe ngumu inapobanwa, na mastamu, yaani bomba linalochomekwa mlingoti, iwe nzima. Rangi inayong'aa iweke mwisho kabisa wa orodha.

Ilichorwaje, na kwa nini iko hivi

Mwaka 1969 Ian Bruce, mtengenezaji wa boti wa Montreal, Kanada, alimpigia simu mchoraji Bruce Kirby. Alikuwa na mteja aliyetaka kuuza vifaa vya kupigia kambi, na miongoni mwake boti ndogo ya kubebwa juu ya gari. Kirby akaanza kuchora huku simu ingali sikioni. Mteja baadaye hakuitaka tena, mchoro ukawekwa kando, hadi 1970 palipoandaliwa mashindano ya boti za bei ya chini ya dola 1,000 huko Lake Geneva, Wisconsin. Tanga lilikatwa na Hans Fogh, mshonaji matanga mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akiishi Kanada, na yeye ndiye aliyeiendesha. Januari 1971 ikaonyeshwa New York na oda zikafika 144. Kirby mwenyewe hakuwa mchoraji wa mezani tu: alishaiwakilisha Kanada kwenye Olimpiki, na hilo linaonekana kwenye mistari ya boti.

Habari hii ina faida kwa mnunuzi, kwa sababu inaeleza maumbile ambayo vinginevyo yangeonekana ya ajabu. Mlingoti umegawanywa vipande viwili kwa kuwa ulitakiwa kulala juu ya gari pamoja na boti. Tanga lina mfuko mrefu unaovishwa mlingoti kama soksi, kwa hiyo hakuna jarari ya kupandishia wala kapi la juu. Chumba cha miguu ni kidogo na kina kifupi, hivyo wimbi likiingia maji si mengi na yanatoka haraka. Sehemu ya nyuma ya tumbo ni bapa, na hapo ndipo boti inapopata uwezo wa kuparaza juu ya maji upepo ukikaza, badala ya kuyalima. Kingo za sitaha zimeviringwa vizuri kwa sababu Kirby alijua baharia atashinda amezikalia, mwili wote nje, miguu imenaswa kwenye mkanda.

Kuna matanga ya aina tatu kwa boti hiyo hiyo moja. Kubwa ni mita za mraba 7.06 na linamfaa mtu wa kilo 75 hadi 85 hivi. La kati, ambalo wengi bado wanaliita Radial, ni mita za mraba 5.76, na watu wa kilo 55 hadi 70 wanaliweza. Dogo ni mita za mraba 4.7, kwa vijana. Unachobadilisha ni tanga na kipande cha chini cha mlingoti tu. Boti, bumu (mti unaoshika chini ya tanga) na kipande cha juu vinabaki vile vile. Msimu wa Kusi pwani yetu, mtu wa kilo 65 akiwa na vipande viwili vya chini atakuwa baharini siku ambazo mwenye kimoja tu anatazama kutoka ufukweni. Muuzaji akikuongezea kipande cha pili, usikikatae.

Kuhusu jina: kuanzia 2019, baada ya mvutano kuhusu alama ya biashara, chama cha darasa kinaziita ILCA 7, ILCA 6 na ILCA 4 (ILCA ni kifupi cha jina la chama chenyewe), kwa kufuata matanga yale matatu. Boti ni ile ile. Ndiyo iliyoingia Olimpiki mwaka 1996, katika mbio zilizokuwa wazi kwa wote, Robert Scheidt wa Brazil akachukua dhahabu, na 2008 tanga la kati likaingia kwa wanawake. Jirani zetu wamefika huko nayo: Deizy Nhaquile wa Msumbiji kwenye tanga la kati, na Rodney Govinden wa Ushelisheli kwenye kubwa.

Faiba imepangwaje ndani

Usikague kitu usichojua kilivyoungwa. Laser ina maganda mawili yaliyomiminwa kila moja kwenye kalibu yake: ganda la tumbo na ganda la sitaha. Kila ganda huanza na jelikoti, ile rangi ngumu ya nje, kisha nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini ya polyesta. Kwenye sitaha, katikati ya tabaka za faiba, kumewekwa povu gumu ili iwe kakamavu bila kuwa nzito. Kisha maganda yanagandishwa pamoja kwenye ukingo, kuzunguka boti nzima.

Matokeo yake ni chombo kilichofungwa pande zote, na ndani mna hewa. Boti za zamani ziliwekewa mabonge ya povu la kuifanya boti ielee. Za baadaye zina vifuko vya plastiki vilivyojazwa hewa. Kwenye ukuta wa mbele wa chumba cha miguu kuna kitundu chembamba sana cha kupumulia, kwa sababu hewa ya ndani hutanuka boti ikianikwa juani na hujikunja ikiingia majini. Nyuma, kwenye tezi, kuna kizibo cha kumwagia maji. Sehemu zinazobeba mzigo, yaani bawaba za usukani, kapi la demani (kamba ya kuvutia tanga), mkanda wa miguu, zimepigiwa skrubu zinazoshika vipande vya mbao vilivyogandishwa upande wa ndani. Mbao hizo zikioza huzioni. Utazisikia.

Ukaguzi, hatua kwa hatua

*Hatua ya 1: pima uzito.* Ganda tupu, bila mlingoti, bila usukani, bila kamba, linapaswa kuwa karibu kilo 59. Tafuta mizani ya kuning'iniza, hata ile ya wauza samaki inatosha, pitisha mikanda miwili chini ya boti na mwinue watu wawili kwa gongo. Toa kizibo kwanza uimwage. Kilo 61 au 62 kwa boti yenye umri si jambo la kukukosesha usingizi. Ikifika 65, kuna maji yamenyonywa na povu la ndani. Ikipita 68, bei inapaswa kuwa ya kitu cha kujifunzia, si cha kushindania. Muuzaji akikwambia, "Kaka, haijawahi kuvuja hata tone," muitikie kwa adabu na uendelee kufunga mikanda.

*Hatua ya 2: mastamu.* Hapa tulia, ukiwa na muda wa jambo moja tu fanya hili. Kwenye jahazi au mashua yenye kamba za kushikilia mlingoti, mzigo wa tanga unagawanywa. Kwenye Laser mzigo wote unaishia kwenye bomba fupi la faiba lililotoka sitahani hadi chini kwenye tumbo la boti. Juu linasukumwa na upepo, chini linasukumwa kinyume. Likianza kuachia, boti inaingiza maji kwa siri. Likiachia kabisa ukiwa kwenye upepo, mlingoti unang'oka na kupasua sitaha.

Kwanza mulika tochi ndani. Chini kabisa utaona mchanga, karibu kila mara. Uloweshe, uutoe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo ya ufagio, kisha pitisha kidole au fimbo kuzunguka sakafu ya bomba. Mchanga ukikaa chini ya mlingoti unaozunguka hufanya kazi ya msasa, na kuna boti ambazo sakafu hiyo imetobolewa namna hiyo tu, bila kuvunjika kitu. Sasa mimina maji hadi usawa wa sitaha, weka alama kwa penseli, na uende ukakague mengine kwa nusu saa. Ukirudi ukakuta maji yameshuka, hata kwa upana wa ukucha, bomba linavuja. Wala usikubali kuambiwa ni jua limeyakausha.

Jaribio la pili linahitaji mwenzako. Chomeka kipande cha chini cha mlingoti, yeye akamate juu na asukume mbele na nyuma, taratibu lakini kwa uzito wake. Wewe zungushia mdomo wa bomba kiganja chako, na mkono mwingine uweke kwenye sitaha nusu mita nyuma. Sitaha nzima ikisogea kwa pamoja kidogo, sawa. Ukihisi mdomo wa bomba unacheza peke yake, au ukasikia mlio mkavu wa kukwaruza kutoka ndani, gundi ya chini imeachia.

*Hatua ya 3: bonyeza na gonga.* Piga magoti kando ya boti na ubonyeze sitaha kwa vifundo vya vidole, ukianzia kingo za chumba cha miguu ambako watu hukalia. Panapobonyea kisha pakarudi kwa mlio wa "tak," faiba imeachana na povu. Gonga kwa sarafu: sehemu nzima inalia kwa sauti kavu na kali, iliyoachana inalia bubu. Nyufa nyembamba za jelikoti zinazofanana na utando wa buibui ni uzee wa kawaida. Zinazokimbia mstari mmoja ulionyooka, hasa kuzunguka mlingoti na kwenye pembe za tundu la ubao wa katikati, ule unaoshushwa majini, ndizo za kuogopa.

*Hatua ya 4: tafuta panapovuja kwa sabuni.* Changanya sabuni ya maji na maji, chukua brashi. Ziba kitundu cha kupumulia kwa selotepu, ingiza mpira mwembamba kwenye tundu la kizibo, uzungushie kitambaa usitoe hewa, kisha puliza kwa mdomo. Kwa mdomo, narudia. Kompresa ya gereji itaachanisha maganda mawili ya boti mbele ya macho yako na hakuna atakayekurudishia pesa. Mwenzako apake povu la sabuni kwenye kingo zote, mdomo wa mastamu, tundu la ubao juu na chini, kinyonya maji cha sakafuni, bawaba za tezi. Mapovu yanayokua yanakuonyesha pa kutengeneza. Kingo zinazovuja sehemu fupi si balaa, ni kazi ya jioni moja.

*Hatua ya 5: skrubu.* Shika bawaba za usukani kwa nguvu na uzitikise juu na chini. Fanya hivyo hivyo kwa kapi la demani. Ikicheza, mbao ya nyuma yake imelainika.

*Hatua ya 6: milingoti.* Weka kila kipande chini pasawa na ukizungushe. Kipande cha juu cha aluminiamu hupinda, na kilichopinda kidogo hunyooshwa. Kilichopinda mara nyingi huvunjika pale kwenye ribiti ya chini, kwa hiyo chunguza tundu la ribiti hiyo kama lina ufa. Siku hizi kanuni zinaruhusu kipande cha juu cha kaboni, ambacho hakibaki kimepinda, ila kina bei yake. Kipande cha chini ukiangalie kitako, kutu nyeupe ya aluminiamu hula hapo.

Ubao wa katikati na usukani zitazame kwa upande, jicho moja, uone kama zimejikunja. Tanga likunjue upeponi: likipiga kelele kama karatasi mpya bado lina maisha, likining'inia kama kanga ya siku nyingi ni la mazoezi. Mwisho, soma namba ya boti. Mpya zina kibao cha World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa matanga, nyuma ya chumba cha miguu. Za zamani namba iko kwenye tezi au chini ya ringi ya omo, yaani ncha ya mbele. Bila namba inayosomeka, kushindana rasmi kutakuwa na maswali.

Ikivuja: ukarabati wa mastamu

Boti yenye mastamu inayovuja si ya kutupa, ni ya kupunguziwa bei. Kazi yenyewe iko hivi.

Toboa tundu la ukaguzi kwenye sitaha, nyuma kidogo ya mlingoti, uweke kifuniko cha kuzungusha. Kanuni zinaruhusu, mradi kipenyo cha ndani kisizidi milimita 153. Ingiza mkono, utoe vifuko vya hewa vilivyo njiani, mulika. Sasa acha boti ikauke. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Iweke kivulini, kizibo nje, kifuniko wazi, feni ndogo ikipuliza ndani, na upime uzito kila wiki mpaka ukome kushuka.

Ikishakauka, kwaruza kwa msasa mnene kuzunguka kitako cha bomba na sentimita kumi za sakafu inayolizunguka, futa vumbi, pangusa kwa asetoni. Vaa barakoa, glavu na mikono mirefu, kwani vumbi la faiba linawasha hadi kesho yake, na asetoni iwe mbali na moto na sigara. Tumia epoksi, si polyesta. Polyesta mpya haishiki vizuri juu ya faiba kuukuu iliyokwisha kuganda, epoksi inashika. Nzito, iliyochanganywa na unga wa kuizidishia ugumu, ijaze pembe inapokutana bomba na sakafu hadi iwe na mviringo laini. Juu yake laza vipande vya kitambaa cha faiba vilivyoloweshwa, tabaka tatu, kila moja ikipita ya chini yake.

Kwa joto letu chukua kigandishaji cha polepole na uchanganye kiasi kidogo kidogo. Epoksi ikiachwa kwenye kikombe chenye kina hujipasha yenyewe. Utaona kikombe kinafuka moshi na plastiki inajikunja wakati hujapaka hata nusu. Ukishachanganya, imwage kwenye sinia bapa, joto lipate pa kutokea. Vipimo vya rezini na kigandishaji fuata kopo lako, tena kwa mizani; kukadiria kwa jicho kunakupa kitu kinachonata milele.

Mikwaruzo ya jelikoti kwa nje ni kazi ndogo: jaza, funika kwa karatasi laini ya plastiki kwani jelikoti nyingi hazigandi vizuri usoni zikiguswa na hewa, kesho yake piga msasa wa maji namba 400, 800, 1200, ung'arishe. Usipoteze wiki nzima hapo.

Kuifunga kabla ya kuingia majini

Anza na mlingoti ufukweni, omo ikielekea upepo. Panapoungana vipande viwili zungushia utepe wa umeme hadi kiingie kwa kubana bila kulazimisha. Vika tanga, ingiza vijiti vyake. Suuza mastamu kwa maji mara moja zaidi, na kitako cha mlingoti pia. Simamisha mlingoti ukiwa upande upepo unakotoka, usimame karibu, uudondoshe wima. Ukiuingiza kwa mshazari unaupiga mdomo wa bomba kama nyundo.

Kisha funga kamba ya kuushikilia mlingoti usichomoke. Kanuni zinaitaka, na sababu yake ni ya msingi: boti ikipinduka kabisa mlingoti unaweza kuteleza nusu nje, na ukiiinua ukiwa hivyo unapasua sitaha. Wengi huwachukulia wanaosahau kamba hii kuwa wageni wa boti, na sidhani wanakosea.

Bumu huingia kwenye pini ya mlingoti. Kamba ya mguu wa tanga ipite kwenye pembe ya nyuma hadi ncha ya bumu. Pembe hiyo hiyo ifungwe chini kwenye bumu kwa kamba fupi, raundi mbili, ikae karibu iguse bumu huku ikiweza kuteleza mbele na nyuma. Kamba hii fupi ndiyo inayopuuzwa kuliko zote; ikilegea, tanga linanyanyuka nyuma na hakuna unachovuta kinachofanya kazi.

Kamba ya pembetatu inayopita juu ya kana, ule mpini wa usukani, ikaze hadi ilie ukiidonoa. Ikilegea, bumu linabaki katikati ya boti wakati ungetaka litoke kidogo upande upepo unakoelekea. Demani ipite kwenye makapi ya nyuma na ya bumu, ishuke kwenye kapi lenye meno mbele yako, na mwisho wake upigwe fundo la nane. Usukani uingie na kile kibati chake kirudi mahali, la sivyo boti ikipinduka usukani unaondoka peke yake. Kamba ya kuubana usukani chini ivute mpaka mwisho. Ukinyanyuka kidogo tu, kana inakuwa nzito mkononi na utadhani boti ina tatizo. Ubao wa katikati ufungwe kwa mpira kuelekea omo. Kizibo. Jaketi la uokoaji. Twende.

Kamba tatu zinazoamua mbio

Vangi ni ile inayolivuta bumu chini. Kupata pa kuanzia, vuta demani hadi makapi ya nyuma yagusane, kisha ondoa ulegevu wa vangi na uifunge. Hapo ndipo nyumbani kwake katika upepo wa wastani ukipiga bisho, yaani ukienda dhidi ya upepo. Ukianza kuachia demani ili boti isilale, ongeza vangi kwanza, vinginevyo bumu likiachiwa linapanda juu na tanga linapoteza umbo. Mlingoti usio na kamba hupinda vangi ikivutwa, na ukipinda tanga linakuwa bapa, nguvu inapungua. Ndiyo namna mojawapo ya kupunguza nguvu ya tanga kwenye boti hii.

Kamba ya mguu wa tanga: tandaza vidole, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho, uwazi huo kati ya bumu na tanga, katikati ya bumu, unatosha upepo wa kawaida. Upepo mkali, punguza hadi nusu yake. Kamba ya goshi, wengine huiita kaningamu, ndiyo inayovuta chini ukingo wa mbele wa tanga; iache legevu upepo ukiwa mdogo. Mikunjo midogo kwenye tanga karibu na mlingoti isikutie wasiwasi. Upepo ukikuzidi uivute bila huruma, hata jicho lake lishuke usawa wa bumu.

Ukipiga bisho boti ikae wima. Si karibu wima. Toka nje kwa mapaja, vuta tumbo, na kabla pigo la upepo halijakufikia uwe umeshaanza kutoka. Ukishaachia boti ilale ndipo unajitupa nje, umeshateleza kando na yule aliye nyuma yako amekupanda joshini, upande upepo unakotoka.

Upepo ukiwa nyuma kila kitu kinageuka. Legeza zote tatu, nyanyua ubao hadi nusu, ilaze boti kidogo kuelekea upande wako ili kana iwe nyepesi. Na hapa mlingoti usio na kamba unalipa: hakuna kinachozuia bumu kutoka zaidi ya nyuzi 90. Mabaharia wazuri huliachia lipite, wakaelekeza boti hadi upepo unaingia tangani kutoka nyuma kwenda mbele, kisha wanarudi upande wa pili, wakicheza na kila wimbi. Mashua yenye kamba za mlingoti haiwezi hilo. Ni sehemu ngumu kuijifunza na ndiyo inayopindua watu wengi, hivyo jifunzie maji yanapokuwa na joto na boti ya msaada ikiwa karibu.

Ukipinduka, legeza demani na vangi kwanza, zunguka hadi kwenye ubao, ushike, upande juu yake ukisimama karibu na tumbo la boti, si kwenye ncha. Itarudi ikiwa na maji kidogo tu, na kinyonya maji kitayamaliza ukishapata mwendo.

Ukirudi nchi kavu

Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tanga na makapi kwanza. Tenganisha vipande vya mlingoti siku hiyo hiyo, kwani chumvi na mchanga vikikaukia pale kwenye muungano utavitenganisha kwa watu wanne. Toa kizibo na ukiache nje. Boti iliyozibwa ikiachwa juani hewa yake inatanuka na kusukuma kingo. Tanga liviringwe, lisikunjwe.

Boti isilalie tumbo lake juu ya mawe au magogo mawili, tumbo ni jembamba na hupata vibonyeo visivyotoka. Igeuze juu chini kwenye magurudumu ya gari kuukuu yaliyowekwa chini ya kingo, karibu na mlingoti na karibu na tezi, au tumia kigari kinachoshika kingo. Ifunike kwa turubai jeupe. Ubao na usukani usiviache kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Ndani ni povu, hujikunja kwa joto, na ukishajikunja hakuna msasa wa kuunyoosha.